Mionzi Mali ya Serikali

Jamhuri ya Kandarua ilikuwa na giza. Jambo hilo lilipofikishwa mbele ya Baraza la Mawaziri, waziri mmoja alipendekeza zinunuliwe taa, wenzake wakamcheka mpaka akaomba radhi. Taa kila nchi inazo. Kandarua, wakaamua, itajenga mji mzima wa atomu, na giza lenyewe litaona haya liondoke.

Ndivyo ulivyojengwa Mji wa Kiini. Kinu cha nyuklia kilitoka kwa nchi rafiki, ambayo ilikuwa imekizima kwa sababu kilivuja, na kwa urafiki mkubwa ikakipaka rangi mpya kabla ya kukipakia melini. Mitaa ikapewa majina ya kisayansi. Wakubwa walikaa Mtaa wa Protoni, penye maua na vivuli. Maofisa wa kati walikaa Mtaa wa Elektroni, nao kutwa walizunguka pembeni mwa wakubwa. Wafagizi, wapishi na wabeba mabomba walipewa Mtaa wa Nyutroni, ambao, sawasawa na jina lake, haukuwa na chaji yoyote: nyaya za umeme zilipita juu ya mapaa yao zikaenda zake. Siku kinu kilipowashwa, kilitoa umeme wa kutosha kuwasha ile taa nyekundu ya kuonyesha kwamba kinu kimewashwa. Taifa zima likapewa mapumziko ya siku mbili kwa furaha.

Katika mtaa huo wa Nyutroni aliishi Sikudhani, mwanamke wa miaka thelathini na minne, pamoja na shangazi yake, Mwatumu. Mama yake alifariki siku ya kumzaa, na Mwatumu ndiye aliyemchukua akiwa bado hajafumbua macho. Kwa miaka kumi na tisa Mwatumu alipiga deki sakafu za Taasisi ya Atomu ili mtoto huyo asome. Naye akasoma kweli, akarudi Taasisi hiyo hiyo na cheo cha Mpima Mionzi Daraja la Tatu. Daraja la kwanza na la pili walishika wapwa wawili wa Mkurugenzi. Hao walipima kwa kukisia, wakiwa ofisini, madirisha yamefungwa.

Kazi yake haikuwa ngumu. Kila asubuhi alizunguka mji na kipima-mionzi, kidude cha ukubwa wa tofali. Kikilia tik, tik, kwa uvivu, mahali pale ni salama. Kikilia kama mvua ya mawe juu ya bati, mtu aondoke haraka. Baada ya hapo alijaza fomu. Fomu ilikuwa imeshachapwa neno SALAMA kwa wino wa kijani. Yeye alibakiwa na tarehe tu.

*

Maji yaliyopoza kinu yalimwagwa katika bwawa nyuma ya Mtaa wa Nyutroni. Yalikuwa ya uvuguvugu mwaka mzima, na samaki aina ya sato walioingia humo kutoka kijito cha jirani walinenepa mpaka wakawa kama mito ya kulalia. Watu wa Nyutroni waliwavua, wakawala, wakamshukuru Mungu na serikali. Serikali iliposikia inashukuriwa ilishtuka, kisha ikatangaza kwamba samaki wale walikuwa mpango wake tangu mwanzo. Wakaitwa Samaki wa Atomu, wakachorwa kwenye stempu.

Asubuhi moja Sikudhani alipita ukingoni mwa bwawa, mahali ambapo fomu haikumtaka apite, na kidude kikalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Alidhani kimeharibika. Akarudi hatua hamsini, kikatulia. Akasogea, kikapiga kelele tena. Kando yake mwanamke mmoja alikuwa ameinama akiparua magamba ya samaki, akamwuliza, "Dada, hiyo redio yako mbona haishiki stesheni?"

Sikudhani alikizima kidude. Alikwenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi Mkuu.

Profesa Ndimbwelu alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Uprofesa wake ulihusu historia ya sare za askari, lakini aliteuliwa kuongoza sayansi ya atomu kwa kuwa, kama barua ya uteuzi ilivyosema, atomu nazo hupanga mistari.

"Profesa, bwawa lina mionzi," alisema Sikudhani. "Mara arobaini ya kiwango. Watu wanakula samaki wa pale."

"Kiwango cha nani?"

"Cha dunia, Profesa."

"Ahaa!" Profesa aliegemea kiti. "Yaani binti yangu, tumepata uhuru miaka yote hii, bado tunapimiwa na dunia? Mwili wa Mkandarua ni sawa na mwili wa mzungu? Sisi ni watu wa jua. Mionzi tumeanza kuipokea kabla haijavumbuliwa."

Kikao kikaitwa siku hiyo hiyo. Baada ya saa nne na chai mara mbili, wajumbe waligundua tatizo lilipo: kiwango kilikuwa chini mno. Wakakipandisha mara hamsini. Bwawa, lililoamka likiwa hatari, likafika saa za chakula cha mchana likiwa na nafasi ya kuongezewa.

*

Nyumbani, Sikudhani alimkataza shangazi yake kula samaki. Mwatumu alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Mwanangu, miaka sita nawala. Sasa hivi ndiyo unaniambia?"

"Sasa hivi ndiyo nimejua, shangazi."

Mwatumu akamsogelea. Kisha akafungua mdomo, akamwonyesha fizi. Zilikuwa zimevimba, na damu ilichirizika kila alipotema mate. "Nilidhani ni uzee," alisema.

Wakaenda zahanati. Palikuwa na foleni ya watu wenye vidonda midomoni, na watoto waliotapika, na kina mama waliofunga vitambaa kuficha vichwa vilivyokuwa vikinyonyoka. Daktari aliwapokea kwa adabu. Ukutani nyuma yake palibandikwa waraka uliokataza matumizi ya neno mionzi "katika mazingira ya ugonjwa". Alimchunguza Mwatumu, akahema, akaandika kwenye cheti: *Hewa.*

"Hewa gani, daktari?" aliuliza Sikudhani.

"Dada, nina watoto watatu," alisema daktari kwa sauti ya chini. "Hospitali kuu ya mkoa wa pili wana dawa ya ugonjwa huu. Ila hawampokei mtu bila karatasi rasmi ya serikali inayosema ana mionzi mwilini. Na karatasi hiyo hakuna mtu hapa Kiini atakayekuandikia."

Minong'ono ikaenea, watu wakaanza kuogopa bwawa. Sato wakaelea wanono bila wa kuwavua, na stempu zikageuka kichekesho. Serikali haikuweza kuvumilia. Ikatangaza Siku ya Samaki: Waziri wa Atomu na Vitu Vidogo, Mheshimiwa Mpululu, angekuja mwenyewe, ale samaki hadharani, na kila mwananchi wa Nyutroni apewe samaki wake, mkubwa, wa kukaanga, bure.

*

Siku hiyo uwanja wa Taasisi ulipambwa vizuri. Jukwaani palikuwa na meza ndefu iliyofunikwa kitambaa chenye rangi za taifa, na chini palikuwa na watu wa Nyutroni wamekaa juani, safu kwa safu. Walikuwa wamekuja wote, maana karani wa mtaa alisoma majina, na kwa kweli walikuwa na njaa. Mwatumu alikaa safu ya mbele. Karani alimweka pale kwa makusudi, kwa kuwa alikuwa shangazi wa Mpima Mionzi, na picha yake akila ingependeza.

Sikudhani aliitwa jikoni kupewa maelekezo. Huko alikuta masanduku mawili makubwa ya sato wanaongoja kukaangwa. La kwanza lilikuwa jeupe, lenye barafu pembeni na lebo ya ndege. La pili lilikuwa la mbao, likivuja maji ya bwawa.

"Hili la barafu la nani?" alimwuliza mpishi mkuu, Mzee Kapungu.

"La meza kuu. Wametoka ziwa la mbali huko nchi jirani, wamefika alfajiri." Mzee Kapungu hakumtazama. "Lile la mbao la wananchi. Usiniulize zaidi, mwanangu. Mimi kazi yangu ni chumvi."

Profesa Ndimbwelu akaingia, tai imemkaba. Akachukua kidude kutoka mkononi mwa Sikudhani, akakigeuza, akatoa betri mbili, akazitia mfukoni mwake.

"Leo kitapumzika," alisema kwa upole. "Utakipitisha juu ya sahani ya Mheshimiwa, halafu juu ya sahani ya yule shangazi yako. Utasema mara mbili: salama, salama. Basi. Unaonaje?"

"Profesa, shangazi yangu anaumwa. Kila kipande atakachokula leo—"

"Ndiyo maana ya uzalendo, binti yangu. Mzima akila, kuna ajabu gani?"

Alimpigapiga begani. Mkono wake ulinukia mafuta ya nazi na sabuni ya bei mbaya. Sikudhani alijitoa chini ya mkono huo. Alimtazama yule mtu mnene akichungulia sanduku la barafu, akichagua kwa kidole samaki wake mapema, na akajua kwamba hatasema salama hata mara moja. Lakini alijua pia kwamba akipiga kelele tu, watamkokota, na watu watakula.

*

Mheshimiwa Mpululu alizungumza kwa saa moja na robo. Alisema atomu ni ndogo lakini haijawahi kulalamika kuwa ni ndogo, na wananchi wajifunze hapo. Alisema mataifa yenye wivu yanaeneza habari za mionzi kwa kuwa hayana samaki wanene. Samaki walikuwa tayari mikononi mwa watu, wakinukia, lakini itifaki ilikataza mwananchi kula kabla ya Waziri. Mwatumu alishika sahani yake mapajani. Mate yalimjaa mdomoni, maana fizi zinaweza kuuma na njaa nayo isiondoke.

Hatimaye Mheshimiwa alikaa. Wakubwa kumi na wawili wakakaa. Waziri akamega pande la samaki, akalionyesha kwa wapiga picha upande wa kushoto, kisha kulia, akalitia mdomoni. Meza nzima ikafuata. Kwaya ya Taasisi ikaanza wimbo wa isotopu.

Profesa alimwashiria Sikudhani. Akapanda jukwaani na kidude chake kisicho na betri, akapewa kipaza sauti, akainama kwa heshima.

"Mheshimiwa," alisema, na spika zikaibeba sauti yake mpaka geti kuu, "naomba radhi kwa kukukatiza. Kuna jambo dogo tu. Huko jikoni masanduku mawili yamechanganyika. Hatujui sasa ni lipi lililokuja mezani kwako. Lakini kwa kuwa samaki wote ni salama, nilisema nikujulishe tu, uendelee kula."

Mheshimiwa Mpululu aliacha kutafuna.

Shavu lake moja lilikuwa limejaa. Macho yake yalikwenda kwa Profesa, na macho ya Profesa yalikuwa yamemtoka. Kisha Waziri akatema. Alitema kwenye kitambaa cha mezani, juu ya rangi za taifa. Akatema tena kwenye kiganja cha mlinzi wake, aliyekinga mkono kwa mazoea. Naibu wake aliinama chini ya meza, wakasikia anakohoa kama injini isiyotaka kuwaka. Mkuu wa mji alitia vidole viwili kooni. Profesa Ndimbwelu alitia vitatu. Aliyatapika yote, samaki na chai na maandazi ya asubuhi, juu ya shati lake na juu ya hotuba ya shukrani aliyokuwa ameishika, huku akilia, "Maji! Maji safi! Siyo ya hapa! Siyo ya hapa!" Wapwa wake wawili walikanyagana kwenye ngazi za jukwaa, mmoja akifuta ulimi kwa tai. Kwaya, isiyokuwa na amri ya kunyamaza, iliendelea kuimba isotopu.

Hakuna sanduku lililochanganyika. Mzee Kapungu alikuwa amepanga kila kitu kama alivyoagizwa. Wakubwa walitapika samaki safi kabisa.

Chini, hakuna aliyecheka. Watu wa Nyutroni walitazama jukwaa lile linalochuruzika, wakatazama sahani zilizo mikononi mwao. Mwatumu alisimama kwanza. Akaweka sahani yake juu ya majani, polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akajifuta vidole kwenye khanga. Mama aliyekuwa kando yake akaweka yake. Baada ya muda mfupi uwanja mzima ulikuwa umejaa samaki wa kukaanga, na watu walikuwa wanaondoka.

*

Gazeti la serikali liliandika kwamba Mheshimiwa alikula, akatosheka, na kwa ukarimu wake akarudisha kilichobaki.

Sikudhani alikamatwa. Mpelelezi aliyemhoji alikuwa kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Ulisema masanduku yamechanganyika. Ni kweli au uongo?"

"Afande, andika lolote lile."

Mpelelezi alianza kuandika, akasimama. Kama ilikuwa kweli, Waziri alilishwa samaki wa bwawa. Nao ni salama, kwa hiyo hakuna kosa. Kama ilikuwa uongo, basi meza kuu ilikuwa na samaki wake wa pembeni. Na serikali ilishasema hakukuwa na samaki wa pembeni. Alitumia kalamu zote tatu. Mwishowe Sikudhani alifukuzwa kazi kwa kosa la kuinamia kipaza sauti kwa pembe isiyoruhusiwa, akapewa siku saba kuhama mji.

Bunge nalo halikulala. Lilipitisha Sheria ya Kulinda Mionzi. Mionzi, ilisema sheria, ni utajiri wa taifa, na wapo watu wenye nia mbaya wanaoichota kwa midomo yao na kuitoa nje ya mji. Kwa hiyo mionzi yote, iwe kinuni, majini, au ndani ya chombo kingine chochote, mtu akiwemo, ni mali ya serikali.

Wabunge walipiga makofi. Sikudhani alipoisoma sheria hiyo, aliisoma mara mbili, kisha akaanza kufunga mizigo haraka haraka.

"Unacheka nini?" Mwatumu aliuliza. Alikuwa amekonda sana.

"Sicheki, shangazi. Vaa, tunaenda getini."

Getini palikuwa na Koplo Machuche, mezani kwake pana kidude kipya, muhuri na vitabu vya fomu.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Mwatumu. "Nyinyi mnatoka na nini?"

"Marahaba. Nguo tu, mwanangu, na sufuria."

"Afande, usimwachie hivi hivi," alisema Sikudhani. "Huyu mama amekula sato miaka sita. Sheria ni sheria. Mpime."

Koplo alishangaa. Watu wote waliopita siku hiyo walikuwa wakiapa kwamba hawana kitu. Akamsogezea Mwatumu kidude, nacho kikalia kama mvua ya mawe. Koplo akaruka nyuma, kofia ikamdondoka.

"Anayo!" alipiga kelele. "Anayo tele! Mama, hiyo ni mali ya serikali, huwezi kutoka nayo!"

"Basi mwandikie hati," alisema Sikudhani. "Sheria, kifungu cha tisa: chombo chenye mali ya serikali kinaweza kutoka kwa muda, kwa hati. Au unataka akae hapa kando yako mpaka jioni?"

Koplo Machuche aliandika upesi kuliko alivyopata kuandika maishani mwake, mkono umenyooka, mwili umeegemea nyuma. *Nathibitisha kuwa mwanamke Mwatumu ana mionzi mwilini, mali ya serikali, kiasi kikubwa. Ameruhusiwa kutoka kwa muda. Mali irudishwe.* Akapiga muhuri mara tatu. Sikudhani aliipokea karatasi ile kwa mikono miwili. Ilikuwa hati ya kwanza ya serikali ya Kandarua kukiri jambo hilo, na katika hospitali kuu ya mkoa wa pili daktari aliitazama, akamtazama Mwatumu, akasema, "Kitanda namba nane."

Alitibiwa. Akaishi miaka mitatu zaidi, minne kasoro. Alipanda mchicha, akapata marafiki, akajifunza kutafuna kwa upande mmoja. Kila mwaka ilikuja barua ya kumkumbusha kwamba mali ya serikali aliyonayo imepitisha muda. Mwatumu alizitumia kuwashia jiko.

Alipofariki, Sikudhani alijibu barua ya mwisho kwa mstari mmoja: *Mali yenu tumeizika juzi, nyuma ya nyumba, chini ya mchicha.*

Nao wakaja. Gari jeupe, watu watatu wenye tai, majembe mapya matatu, na fomu nakala tatu. Mmoja wao alikuwa Profesa Ndimbwelu, aliyekuwa sasa Kamishna wa Kurejesha Mionzi, na kifuani alikuwa na nishani ya kugundua hatari ya samaki. Alimpa Sikudhani pole kwa sauti yake ile ya kubembeleza. Kisha akaomba kuonyeshwa.

"Pale," alisema Sikudhani. "Kachimbeni."

Waliliona kaburi kutoka barazani. Profesa alimwambia wa pili aende, wa pili akamwambia wa tatu. Wa tatu alipiga hatua sita, akakumbuka kwamba ana mke. Wakasimama pale na majembe yao, jua likiwachoma, wakishauriana kama umbali ule unatosha kisheria kuhesabika kuwa ni kuona. Mwishowe wakaafikiana kwamba unatosha. Profesa akaweka fomu juu ya boneti ya gari, akaandika: *Imeonekana, ipo, ihifadhiwe hapo hapo,* akatia saini kwa mkono uliofungwa leso.

Sikudhani hakungoja waondoke. Alitema mate chini, akapita katikati yao, nao wakampisha upesi wasiguswe na nguo yake. Akaenda akapiga magoti juu ya udongo wa shangazi yake, akaanza kung'oa magugu kwa vidole, moja moja, uso ukiwa karibu kabisa na ardhi.